Nani, Wangapi, na kwa Sharti Gani?



Wazazi wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe hulalamika kwamba watoto wao wanayajua maneno mengi ya Kiingereza, lakini wakitunga sentensi, daftari hurudi nyumbani limejaa wino mwekundu. Tukiyatazama makosa yenyewe, mara nyingi hayatokani na maneno makubwa. Hutokana na vineno vya herufi chache: viwakilishi kama "he", "she", "him" na "her", na viunganishi kama "and", "or", "if" na "unless". Juma hili tumekusudia kuvieleza vineno hivi kwa kupitia Kiswahili chetu, na kwa Kiarabu ambacho watoto wetu hukisoma chuoni, ili mzazi aweze kumsaidia mwanawe hata kama yeye mwenyewe hakupata nafasi ya kusoma Kiingereza sana. Na faida yake haiishii kwenye daftari, kama tutakavyoona.

Tuanze na swali la kwanza: nani? Mswahili akisema "amekuja", ile "a-" huwachukua wote, mwanamume na mwanamke, na msikizaji hapungukiwi na kitu. Kiingereza hakikubali hivyo. Ni lazima mtu achague "he" au "she". Ndipo mtoto akaandika "My mother went to Likoni and he came back in the evening", akikusudia kwamba mama alikwenda Likoni akarudi jioni. Mtoto huyu hakumgeuza mamake kuwa mwanamume. Ameifasiri ile "a-" yake kwa neno la kwanza lililomjia.

Hapa chuo chaweza kuisaidia skuli. Mtoto aliyekwisha kuhifadhi kwamba mwanamume ni "huwa" na mwanamke ni "hiya" anayo tayari elimu anayoihitaji. Hajaambiwa tu kwamba "he" na "she" ni mlango ule ule. Mzazi amuulize: "Huyu ni huwa au hiya?" Atajibu mwenyewe, kisha atasahihisha.

Kosa la pili la namna hii ni kuandika "Ali and her mother". Mtoto ameona kwamba mama ni mwanamke, akadhani neno la umiliki linamfuata mama. Sivyo. Kwa Kiingereza neno hilo humfuata mwenye mama, naye ni Ali, kwa hiyo husemwa "Ali and his mother"; na Amina na babake ni "Amina and her father". Kiarabu ni vivyo hivyo: mama wa Ali ni "ummuhu", na ile "-hu" ya mwisho ni ya Ali, si ya mama. Mama wa Amina ni "ummuha".

Kosa la tatu ni kurudia mtendaji: "My father he works at Kipevu". Sababu yake ni kwamba Kiswahili hudai kiambishi katika kitenzi hata mtendaji akiwa ameshatajwa. Twasema "baba yangu anafanya kazi", wala hatusemi "baba yangu nafanya kazi" tukimkusudia yeye. Mtoto huona ni lazima kitenzi cha Kiingereza nacho kipewe mtu wake. Aambiwe kwamba ukishataja "my father", huna haja ya "he" katika sentensi hiyo; ihifadhi kwa sentensi ifuatayo.

Swali la pili ni wangapi, na hapa kiwakilishi na kiunganishi hukutana. Neno letu "na" hufanya kazi mbili ambazo Kiingereza kimezigawa: kuunganisha, ambayo ni "and", na kuandamana, ambayo ni "with". Mtu akisema "tulikwenda Kongowea na dada yangu", kwetu yafahamika kwamba walikuwa wawili, yeye na dadake. Akiihamisha sentensi hiyo kama ilivyo, "We went to Kongowea with my sister", msikizaji wa Kiingereza huhesabu watatu au zaidi: "we" ni wawili kwa uchache, kisha dada juu yao. Katika insha ya skuli hilo ni jambo dogo. Lakini mtu anapoeleza ajali ya matatu kituoni mwa polisi, au anapojaza fomu ya bima, idadi ya watu waliokuwapo ni jambo kubwa. Iliyo salama ni "My sister and I went to Kongowea".

Watoto huuliza pia lini waseme "my sister and I" na lini "my sister and me". Njia nyepesi ni kumwondoa dada. "I went" husemwa, "me went" haisemwi. Basi ni "My sister and I went". "The teacher called me" husemwa, "called I" haisemwi. Basi ni "The teacher called my sister and me". Na adabu ya Kiingereza ni kumtanguliza mwenzio na kujitaja mwisho. Kwetu "mimi na dada yangu" haina kiburi ndani yake, kwa hiyo mtoto asikemewe. Afundishwe tu kwamba kila lugha ina desturi yake.

Kuna na jambo la mpangilio. Twasema "alikwenda sokoni, akanunua samaki, akarudi". Ile "-ka-" hupanga matendo moja baada ya jingine, mfano wa "fa" ya Kiarabu. Kiingereza hakina "-ka-", na mtoto asiyejua hilo huandika "She went to the market, she bought fish, she came home", sentensi tatu zilizoshikanishwa kwa mkato peke yake. Dawa yake ni "and" kabla ya tendo la mwisho, na "she" moja tu mwanzoni: "She went to the market, bought fish and came home". Hata hivyo "and" hukusanya zaidi kuliko inavyopanga, kama "wa" ya Kiarabu. Wasomaji wetu wanakumbuka jinsi wanazuoni walivyoijadili "wa" katika aya ya udhu: Mahanafi wakasema hukusanya bila kulazimisha mpangilio, na Mashafii, ambao wengi wetu pwani twawafuata, wakauhesabu mpangilio kuwa faradhi kwa hoja zao. Mpangilio ukiwa ni muhimu kwa Kiingereza, yafaa kuongeza "then", yaani kisha.

Swali la tatu, nalo ndilo zito, ni kwa sharti gani. Kwanza tuondoe kosa jepesi. Sisi husema "ingawa mvua ilinyesha, lakini tulivuka feri", na masikio yetu hutulia. Kiingereza hutaka kimoja tu, ama "although" ama "but": "Although it rained, we crossed".

Sasa tazameni "unless", ambayo maana yake ni isipokuwa kama. Tuseme karatasi ya dawa ya mtoto imeandikwa "Do not give this medicine unless the child has a fever". Mama aliyesoma kwa haraka huona "usimpe" na "homa", akafahamu kwamba mwenye homa asipewe. Maana yenyewe ni kinyume chake: asipewe ila akiwa na homa. Vivyo hivyo "before or after food" ni kabla ya chakula au baada yake, mara moja. Na "before and after food" ni kabla na baada, mara mbili. Herufi chache zimezidisha dawa maradufu.

Au tuchukue mfano wa mkataba wa binti anayekwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani: "The employer will pay the agent, and the worker will refund him if she leaves before two years". Yaani mwajiri atamlipa wakala, na mfanyakazi atamrudishia akiondoka kabla ya miaka miwili. Atamrudishia nani? Ile "him" yaweza kuwa mwajiri, yaweza kuwa wakala. Hata Kiswahili hakitusaidii hapa, kwa kuwa "-m-" yetu nayo haisemi. Na ile "if" haikubagua: akiondoka kwa ugonjwa, au kwa kudhulumiwa, je, pia atalipa? Binti asitie sahihi mpaka mahali pa "him" paandikwe mtu mwenyewe, na sharti lielezwe kwa ukamilifu.

Wala kusiwe na haya katika kuuliza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, imeifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Mama anayemwambia karani "nieleze kwa Kiswahili" haombi hisani. Na viunganishi vyetu wenyewe, "lakini", "au", "wala", "ila" na "hata", tulivipokea kutoka Kiarabu, tukavitia katika Kiswahili pamoja na "na" yetu ya asili. Watu wa pwani hatukuanza leo kujifunza vineno vya wenzetu.

Twapendekeza kwa kila nyumba, baada ya Isha, mtoto asome kwa sauti sentensi tano za Kiingereza kutoka kitabuni mwake, kisha mzazi amuulize kwa Kiswahili: Nani? Wangapi? Kwa sharti gani? Mzazi hahitaji kujua jawabu kwa Kiingereza. Akiona mtoto anababaika, basi hapo ndipo pa kumuuliza mwalimu kesho yake.

Juma lijalo, inshallah, tutaviendea viwakilishi "who", "which" na "that". Wabillahi tawfiq.