Mche wa Avoka na Kiangazi

Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, mama mmoja alitungoja mlangoni mwa kanisa letu la Aveba, naye ameshika mkononi kijiti kikavu chenye udongo kidogo mizizini. "Mwalimu," alisema, "mti huu ulikuwa na majani saba siku ya Noeli. Watoto wameumwagilia kila siku. Sasa tazama." Tulitazama. Ulikuwa mche wa avoka, tunda ambalo ndugu zetu wa pwani huliita parachichi. Shina lilikuwa limekauka kabisa, na mizizi ilikuwa imejisokota juu juu kama nywele, hapana hata mmoja uliokwenda chini. Tulimwuliza aliupanda lini. Akajibu: "Mwisho wa mwezi wa kumi na moja, mvua zilipokuwa bado zanyesha." Basi tulinyamaza kidogo, kwa maana kosa hilo sisi wenyewe tumelitenda, wala si kwa mti mmoja.

Miaka kadhaa iliyopita, katika shule tuliyokuwa tukifundisha, tulipanda pamoja na wanafunzi miche 30 ya avoka na ya kahawa katika juma la Kristu Mfalme. Udongo ulikuwa laini, mvua ilinyesha kila alasiri, tukaona kazi ni nyepesi na wakati unafaa. Ikafika likizo ya Noeli, wanafunzi wakaenda kwao. Tuliporudi mwezi wa kwanza, tulikuta miche minne tu iliyo hai. Mingine 26 ilikuwa kuni za kuwashia moto. Tuliwakaripia watoto waliopewa zamu ya maji. Nao, kwa adabu, hawakutujibu neno. Baadaye tuliona kwamba ile minne iliyopona yote ilikuwa imesimama chini ya migomba, nayo haikuwa imepata maji zaidi ya wenzake. Watoto tuliwakaripia bure.

Wasomaji wapenzi, yafaa tujue vizuri majira ya nchi yetu. Walendu-Bindi, huku kusini ya Bunia, iko karibu sana na ikweta, nasi twakaa juu ya vilima vinavyopita mita 1000 kutoka usawa wa bahari. Mvua za kwanza huanza mwezi wa tatu, hupungua kidogo katikati ya mwaka, kisha hurudi kwa nguvu tangu mwezi wa nane hata mwezi wa kumi na moja. Halafu huja kiangazi: mwezi wa kumi na mbili, wa kwanza na wa pili. Ni miezi mitatu tu. Mgeni aweza kusema hicho si kiangazi cha kuogopa. Lakini mche uliopandwa majuma mawili kabla ya mvua kukatika una mizizi ya urefu wa kidole, na udongo wa juu ndio unaokauka kwanza. Mche uliopandwa mwezi wa tatu au wa nne umekwisha kupata miezi minane ya kushuka chini kutafuta unyevu. Basi kiangazi kile kile humwua mmoja na kumwacha mwingine.

Tena miti yetu ya bustani haikuzaliwa hapa yote. Avoka na mpapai vilitoka Amerika ya Kati, nanasi na muhogo Amerika ya Kusini, ndizi zilitoka Asia. Kahawa ya robusta ndiyo mwenyeji, kwa kuwa ni mti wa misitu ya Kongo, huzoea kukaa chini ya kivuli cha miti mirefu. Kila mmoja ameleta desturi za kwao. Nanasi huvumilia ukame kwa kuwa majani yake huweka maji. Twaweza kuliacha lenyewe pembeni mwa ua. Kahawa changa huungua ikiwekwa juani ghafula. Avoka hutaka maji, lakini hachukii kitu kama kusimama na miguu ndani ya maji. Mpapai ni hivyo hivyo: maji yakituama siku mbili shinani, huanza kuoza.

Turudi kwa yule mama. Watoto wake walimwagia mche kikombe kimoja kila jioni. Kazi njema, lakini kikombe kimoja hulowesha udongo kwa kina cha kidole tu, na mizizi, kama mtoto anayelishwa mlangoni, haiingii ndani. Ilikuwa heri kumwaga nusu bidoni, polepole, mara moja kwa siku nne au tano, jua likiisha kuchwa au kabla halijachomoza. Maji yale hushuka, nayo mizizi huyafuata. Tukihesabu tutaona kwamba maji yenyewe si mengi. Ila twayapeleka mahali ambapo jua haliyanyang'anyi.

Na ni nani ayachukuaye? Hapo ndipo penye uzito wa habari hii, nasi twaisema wazi kwa sababu twaona daftari ya mahudhurio kila asubuhi. Katika mwezi wa kwanza na wa pili chemchemi za karibu hupungua, foleni huwa ndefu, na wasichana hufika darasani saa tatu badala ya saa moja na nusu. Bidoni moja ya lita 20 ni kilo 20 kichwani mwa mtoto anayepanda kilima. Bustani inayodai bidoni sita kila siku imekula masomo ya mtu. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kutunza unyevu wa udongo ni jambo la wataalamu wa kilimo peke yao.

Njia ya kwanza ya kupunguza safari hizo iko mbele ya macho yetu, nasi twaichoma. Majani makavu, maganda ya maharagwe, mabua ya mahindi, magugu yaliyong'olewa: vyote hivyo vikitandazwa chini ya mti kwa unene wa kiganja, udongo hubaki baridi na unyevu hukaa siku nyingi zaidi. Acheni nafasi ya upana wa mkono kati ya majani na shina, ili shina lisioze na mchwa wasipate daraja. Kuhusu mchwa, wazee wengi hutia majivu kuzunguka shina. Sisi twaona afadhali kukagua kila juma kwa kufunua majani, maana mchwa huja usiku, na majivu hupeperushwa mchana.

Lakini moto! Mara nyingi Jumatano ya Majivu hutukuta vilima vyetu vimekwisha kupakwa majivu. Hatusemi kwamba kila awashaye moto ni mwovu. Mfugaji ataka majani mabichi kwa ng'ombe wake, mwindaji ataka ndezi, mkulima ataka shamba jepesi kulima. Walakini moto haujui mpaka wa shamba. Anayeuwasha alasiri penye upepo, kisha akaenda zake, ameuchoma mti wa jirani aliyengoja matunda miaka minne. Kwa hiyo, kabla ya Noeli, fyekeni ukanda wa hatua nne au tano kuzunguka bustani, mfagie hata udongo uonekane, na upande wa vichakani pandeni mstari wa migomba. Shina lake limejaa maji, halishiki moto upesi. Na mwenye kuchoma awape majirani habari mapema, asubuhi penye utulivu, naye asimame hapo mpaka moshi uishe.

Sasa habari ya kivuli. Wengi huweka matawi juu ya mche kama kofia, wakadhani yatosha. Angalieni jua lenyewe. Mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza, jua la adhuhuri hupita kusini ya vichwa vyetu, na jua kali la alasiri hutoka magharibi. Basi kivuli cha kiangazi kiwekwe upande wa kusini na wa magharibi. Upande wa mashariki uachwe wazi, ili mche upate mwanga wa asubuhi, ambao hauchomi. Makuti, nyasi zilizosukwa, hata gunia kuukuu juu ya miti minne vyafaa. Kivuli kilicho bora ni mgomba, kama wanafunzi wetu walivyotufundisha bila kusema neno. Mvua zikirudi, punguzeni kivuli kidogo kidogo kwa majuma matatu hivi, msikiondoe chote siku moja.

Mkikata majani ya mgomba kwa kivuli au kwa kutandaza, kumbukeni ule mnyauko unaogeuza majani kuwa ya manjano na kuozesha ndizi ndani ya ganda. Ugonjwa huo ulionekana Masisi, katika Kivu ya Kaskazini, mwaka 2001, nao umetembea sana tangu hapo. Panga huuchukua kutoka mgomba hadi mgomba. Lipitisheni panga motoni kabla ya kuingia shamba jingine, wala msichukue majani kwenye migomba yenye ugonjwa.

Wenye nyumba za mabati wana hazina juu ya vichwa vyao. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Bati la mita 6 kwa 4 ni mita za mraba 24. Mvua ya milimita 10, ambayo kwetu si mvua kubwa, huleta lita 240, yaani bidoni 12. Hata tukitoa yanayomwagika, zabaki tisa au kumi ambazo mtoto hakuzibeba. Wenye nyumba za nyasi wasikate tamaa: maji ya kuoshea lengalenga na mchele yafaa sana kwa miti, mradi hayana sabuni wala chumvi. Tena kuna mtungi wa udongo usiopakwa rangi, ule ule wafinyanzi wetu wanaoufinyanga. Uzikeni karibu na mche hadi shingoni, ujazeni, ufunikeni kwa kigae ili mbu wasizae. Maji hupenya ukutani mwake polepole, na mizizi huuzunguka. Hata mtungi wenye ufa mdogo, usiofaa tena jikoni, hufanya kazi hiyo.

Baadhi ya wasomaji watasema: Mwalimu, twajua haya, lakini kwa nini tupande mti wa miaka mingi? Twawaelewa. Katika vita vya Ituri, miaka ya 2002 na 2003, watu wa huku walikimbia. Na tena mwaka 2006 maelfu walikusanyika Gety wakiwa wakimbizi. Na hata baadaye amani haikukaa sawasawa. Aliyekwisha kuacha bustani yake mara tatu hupanda maharagwe na lengalenga, vitu vya miezi miwili au mitatu, kisha huangalia njia. Ukipita vijijini mwetu utaona nyumba nyingi hazina mti wowote wa matunda wenye umri mkubwa kuliko watoto wa nyumba. Hatuna haki ya kumlaumu mtu kwa hilo. Twashauri tu kuipanga bustani kwa hatua. Mpapai huzaa karibu mwaka mmoja baada ya kupandwa, mgomba mwaka mmoja na nusu hivi katika baridi ya vilima vyetu, nanasi karibu na miaka miwili. Wawekeni hao kwanza, na avoka katikati yao. Wao watalisha nyumba upesi, nao watampa avoka kivuli na kumkinga upepo. Avoka aliyetoka kwenye mbegu hudai miaka mitano, sita, hata saba. Mwenye nyumba akilazimika kuondoka, ni ndizi zitakazokuwa zimekwisha kumlipa; naye akirudi, huenda akaukuta mti umesimama, kama ukanda wa moto ulifyekwa.

Mvua za mwezi wa tatu nazo zina hatari zake, walakini hizo ni fupi. Upandapo, inua udongo uwe kilima kidogo, ili maji yasituame shinani. Mpapai na mgomba wenye mkungu wategemezwe kwa mti wenye panda. Mvua ya mawe ikipasua majani, msiyakate yote kwa huruma; jani lililopasuka bado hulisha mti, ngojeni majani mapya yatoke.

Yule mama alituuliza mwishowe kama apande tena mara mvua zitakapoanza. Tulimwambia: ikiwa una mche mwenye nguvu, panda siku za Mtakatifu Yosefu, tarehe 19 ya mwezi wa tatu, kama ardhi imekwisha kulowa. Yeye hakuwa na mche, alikuwa na mbegu tatu za avoka alizozila juma lile. Ilikuwa vema, kwa kuwa mbegu ya avoka ikikaa muda mrefu juani hufa. Atazipanda sasa katika makopo yenye matundu chini, ncha ikielekea juu, nusu ya mbegu ikionekana, akiziweka chini ya mgomba ulio nyuma ya jiko lake. Zikiota vema, miche itakuwa tayari mwezi wa nane. Ikichelewa kupita mwisho wa mwezi wa tisa, itakaa makoponi mpaka mwezi wa tatu wa mwaka ujao. Binti yake mkubwa, aliye darasa la sita, ameandika tarehe hizo nyuma ya daftari lake la hesabu.