Mkataji Boriti Awe wa Kwanza: Barua kwa Watu wa Lamu kutoka Maskati

Kwenu wazee wangu, ndugu na wanangu wa Amu, Shela, Matondoni, Pate, Siyu, Faza, Kizingitini na Ndau,

Barua hii ni ya wote, isomwe barazani na kwenye vikao vya akina mama, maana jambo lenyewe ni la wote. Nataka tuzungumze juu ya mikoko yetu, na juu ya fedha ambazo watu wa mbali wameanza kuzitaja kila mikoko inapotajwa.

Dalili za jambo hili tunaziona huku Ghuba kabla hazijawafikia. Mwaka 2021, kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow, Umoja wa Falme za Kiarabu uliahidi kupanda miti milioni 100 ya mikoko ifikapo 2030. Oman nayo ilitangaza 2022 kwamba ifikapo 2050 itakuwa haiongezi hewa ukaa angani. Mwaka 2023 kampuni moja ya Dubai ilizunguka Afrika ikitia saini makubaliano ya awali ya misitu na serikali za Liberia, Zambia, Zimbabwe, Tanzania na Kenya, na eneo lililotajwa lilikuwa la mamilioni ya hekta. Nchi na makampuni yaliyotoa ahadi za namna hii yanatafuta miti ya kuyasaidia kuzitimiza, na mikoko inapendwa kuliko miti mingine. Sehemu kubwa ya kaboni yake imo topeni, chini ya mizizi, mahali pasipo na hewa, na inaweza kukaa humo mamia ya miaka iwapo hakuna aliyelichokora tope lile.

Sasa tazameni tuliko. Kenya ina kiasi cha hekta 61,000 za mikoko, na takriban hekta 37,000 kati ya hizo ziko Lamu. Ukiitoa delta ya Rufiji kule Tanzania, ni vigumu kupata mahali pengine pwani yetu penye msitu mkubwa hivi. Basi watakuja, kama hawajafika tayari kwa jina la mradi huu au ule. Watakuja na maneno mazuri: kazi za kijani, uchumi wa bahari, maendeleo ya kaunti. Mimi siyapingi maneno hayo, nayataka yawe kweli. Ninachoomba ni kimoja, kwamba kabla hamjatia saini karatasi yoyote, mkataji boriti awe ndani ya karatasi hiyo kwa jina lake, kwa ujira wake na kwa kura yake.

Nasema mkataji kwa sababu mipango mingi ya kuokoa mikoko imeanza kwa kumwona yeye kama adui. Mimi kazi yake naiona kwa macho yangu: nafanya kazi na mafundi wanaotengeneza majumba ya kale huku Matrah, na dari zikivuliwa tunakuta boriti zilizotoka kwetu, nyingine ngumu hata leo. Upana wa vyumba vya zamani vya Ghuba ulifuata urefu wa boriti, sawasawa na vyumba vya majumba ya mawe ya Amu. Majahazi yalishuka na kaskazi yakiwa na tende, chumvi na samaki wa ng'onda, yakarudi na kusi yamesheheni boriti, korija kwa korija. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri na jahazi la Wakuwait msimu wa 1938 hadi 1939 na kuandika habari za upakiaji wa boriti Rufiji, watu wakifanya kazi ndani ya tope na mbu. Miji ya huku imejengwa kwa mabega ya wakataji wa pwani yetu. Jina la hata mmoja wao sijalikuta popote.

Kisha zikaja amri. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kupeleka boriti nje ya nchi. Februari 2018 ukataji miti ukasimamishwa katika misitu ya umma kote Kenya, na mkataji wa mikoko wa Lamu, ambaye alikuwa na leseni na akichagua mti mmoja mmoja kwa unene wake, akahesabiwa pamoja na wenye misumeno ya moto wa milimani. Mnakumbuka jinsi nyumba nyingi zilivyolala njaa visiwani. Huenda nia ilikuwa njema. Lakini aliyelipa gharama ya nia hiyo ni mtu wa shoka, na hakuna aliyemuuliza atawalisha nini watoto.

Mtu huyu ndiye anayeujua msitu. Anajua kwamba, katika aina za mikoko, mlilana husimama mbele, yanakopiga maji ya bahari, mkoko wenyewe ukafuata, na mkandaa ukarudi nyuma penye tope gumu. Anajua wapi fito zimejaa na wapi nguzo zimekwisha, mkono upi wa maji umejaa mchanga, na bamvua ipi itamfikisha ndani na kumtoa. Huko duniani upandaji mwingi wa mikoko umekufa kwa sababu wenye fedha walitia mche wa mkoko mahali pa mlilana, wakapiga picha, wakaondoka. Ujuzi huu ukilipwa, ni kazi ya kijani kamili. Usipolipwa, mradi utamleta mtu kutoka mbali, umlipie hoteli, kisha umwajiri mkataji kwa kutwa ili amwonyeshe njia.

Tuna mfano wa karibu. Kule Kwale, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanauza kaboni ya mikoko yao tangu 2013 kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wakishirikiana na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya na shirika dogo la hisani la Scotland linalowauzia vyeti vya kaboni. Msitu wao ni hekta 117 tu. Wameleta maji vijijini, wamesaidia shule, wamepanda mivinje ili watu wapate kuni na miti ya kujengea bila kuingia mikokoni. Mwaka 2017 walipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Vanga, Jimbo na Kiwegu wakawafuata na hekta 460. Kamati inachaguliwa na wanakijiji wenyewe, na wanakijiji wenyewe huamua fedha ziende kwenye kisima au darasa. Hilo nalipenda kuliko tuzo.

Lakini tufanye hesabu kwa uwazi. Mikoko Pamoja huhesabiwa kiasi cha tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Tuseme kila tani iuzwe dola 10. Hizo ni dola 30,000, na vijiji viwili vile vina watu zaidi ya 5,000. Ukizigawa, hazifiki dola 6 kwa mtu kwa mwaka mzima. Fedha hizo zinachimba kisima na kununua vitabu, ila haziwezi kuwa mshahara wa kijiji. Yeyote atakayewaambia kwamba kaboni peke yake itachukua nafasi ya boriti, mwambieni alete hesabu yake barazani, aipitie mbele ya watu mstari kwa mstari.

Na kuna hesabu moja ambayo ndiyo ninayoihofia zaidi. Mtu atachukua tani za Gazi kwa hekta, azizidishe kwa hekta zetu 37,000, apate karibu tani milioni moja kwa mwaka, na vijana watachanganyikiwa kwa furaha. Biashara ya kaboni haiendi hivyo. Mnunuzi halipii mti kwa kuwa upo. Analipia tofauti kati ya yale ambayo yangetokea bila mradi na yale yaliyotokea. Msitu ambao hauko hatarini huleta vyeti vichache. Kwa hiyo mwenye mradi ana sababu ya kuandika kwamba msitu uko hatarini sana, na njia rahisi ya kuandika hivyo ni kumtaja mkataji kuwa mharibifu. Hapo ndipo jina lake litakapoingia kwenye karatasi msipokuwa macho: ataandikwa kama hatari inayolipiwa iondoke. Someni ukurasa huo kabla ya ukurasa wa fedha.

Sheria iko upande wenu kiasi. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, ilivyorekebishwa 2023, inataka miradi ya kaboni ya ardhini iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, baada ya kutoa gharama za uendeshaji. Maneno hayo ya mwisho ndiyo mlango. Gharama hizo ni zipi, na nani anazihakiki? Magari, ofisi za Nairobi, washauri, safari za ng'ambo, vyote vinaweza kuitwa uendeshaji, na asilimia 40 ya kilichobaki ikawa asilimia 40 ya makombo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hilo liwe Lamu, liandikwe kwa Kiswahili, na libandikwe ukutani kila robo mwaka. Kumbukeni pia kwamba mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, hivyo jamii haiwezi kuuza kitu bila makubaliano na Shirika la Misitu la Kenya kupitia chama cha jamii cha misitu. Chama hicho kikiwa cha watu wachache wa mjini, mkataba utakuwa wa watu wachache wa mjini.

Yaliyotokea kaskazini hayako mbali na sisi. Januari 2025 mahakama ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii, Biliqo Bulesa ikiwa mojawapo, zilianzishwa kinyume cha katiba kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Biliqo Bulesa ilikuwa ndani ya mradi mkubwa wa kaboni ya udongo wa malisho, na vyeti vyake vilikuwa vimekwisha kuuzwa kwa makampuni makubwa ya dunia. Wafugaji walilazimika kwenda mahakamani kudai sauti ambayo walistahili kupewa siku ya kwanza.

Sisi tumejua kukataa. Mwaka 2019 baraza la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi kwa sababu watu wa Lamu walisimama na kusema hawakusikilizwa. Mwaka uliotangulia Mahakama Kuu iliamuru wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya bandari mpya ya Lamu. Najivunia mambo hayo mawili kila ninapotaja kwetu ni wapi. Sasa imefika zamu iliyo ngumu zaidi, ya kukubali kwa masharti.

Masharti yenyewe nayaona hivi. Ukataji uliopimwa uruhusiwe, kwa leseni na kwa zamu, kwa sababu mji wa Amu, ulio urithi wa dunia tangu 2001, hauwezi kutengenezwa bila boriti, na haitakuwa sawa dari zetu kuezekwa kwa mbao za mbali huku msitu uko mlangoni. Vitalu vya miche vibaki mikononi mwa akina mama, kama wale wa Mtangawanda walioanza kupanda wakati hakuna aliyekuwa akiwatazama, nao walipwe kwa mti uliosimama baada ya miaka mitatu. Kulipwa kwa mche uliotiwa topeni hakutoshi. Upimaji wa msitu, yaani kipenyo, urefu na kina cha tope, ufundishwe vijana wa wakataji wenyewe, kwa cheti kinachotambuliwa. Kazi hiyo hufanywa kila mwaka kwa miaka 20 au zaidi, na ndiyo nafasi ya mshahara iliyo thabiti kuliko zote katika biashara hii. Vijana wa Faza wakiijua, wataitwa Vanga, Rufiji, hata huku Oman, ambako mikoko ya asili ni mchu pekee na serikali inaupanda kwa bidii. Ufugaji wa kaa, asali ya mikokoni, njia za mbao za wageni kama ile ya akina mama wa Gazi, yote ni mazuri, lakini ni nyongeza. Hayatoshi kumhamisha mtu kutoka kwenye shoka lake.

Nasi wa ughaibuni tuna sehemu yetu. Fedha nyingi tunazotuma huishia kwenye matofali ya saruji na mabati. Tukikubaliana kwamba kila nyumba tunayoijenga visiwani itanunua boriti zenye leseni, kwa bei inayomheshimu mkataji, tutakuwa soko ambalo halimsubiri mnunuzi wa Ulaya wala Dubai. Baadhi yetu hapa tumelizungumza, na tuko tayari pia kuchanga malipo ya wakili wa ardhi na mazingira atakayesoma mkataba wowote wa kaboni kabla haujafika mezani kwenu. Wakili awe wenu, achaguliwe na nyinyi, asilipwe hata senti na mwenye mradi.

Ili tuanze, tunaomba kila kijiji kiandike orodha ya wakataji wake: jina, miaka aliyofanya kazi, mkono wa maji anaokata, na iwapo ana leseni. Waandikwe pia wajane wa wakataji, na wabebaji, na wenye mashua. Orodha isomwe hadharani ili asiachwe mtu wala asiingizwe mgeni. Nakala moja ibaki kwa mzee wa kijiji, moja kwenye chama cha misitu, na moja itumwe huku kwa yeyote anayesafiri. Mkimaliza kabla ya Ramadhani, wakili atakuwa na kitu cha kushika tutakapomkalisha.

Wasalaam,
Ndugu yenu, Maskati