Binti akitaka kucheza tenisi ya kulipwa, familia ikae kitako kwanza

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Lakini binti anayeanza tenisi ya kulipwa hachezi kwao. Anacheza Monastir nchini Tunisia, Sharm El Sheikh nchini Misri au Antalya nchini Uturuki, ambako mashindano ya ngazi ya chini huandaliwa wiki baada ya wiki. Mara nyingi viwanja ni vya hoteli, na watazamaji ni wenzake wanaosubiri zamu.

Ngazi hiyo huitwa W15. Zawadi yote ni dola 15,000, nayo hugawanywa hadi kwa walioshindwa mapema. Bingwa huondoka na dola 2,300 na ushei kabla ya kodi. Anayetolewa raundi ya kwanza hupata kama dola 150, chini ya Sh20,000 za Kenya. Fedha hizo hazitoshi malazi ya wiki, seuze nauli ya ndege, chakula na nyuzi za raketi.

Shirikisho la Tenisi Duniani (ITF) lilipochunguza msimu wa 2013, lilibaini kuwa karibu nusu ya wachezaji hawakupata hata senti ya zawadi. Mwanamke alihitaji kuwa miongoni mwa 250 bora hivi duniani ndipo zawadi zilingane na gharama zake, tena kabla hajamlipa kocha.

Basi nani hulipa? Aghalabu ni nyumbani. Hapo ndipo ugomvi huzuka: baba anahesabu nauli, mama anaona karo ya wadogo ikiliwa, na binti kule ugenini anaogopa kupiga simu kusema ameshindwa tena.

Angella Okutoyi na pacha wake walilelewa Nairobi na nyanya yao baada ya mama kufariki akiwazaa. Nyanya hakuwa na fedha za kumzungusha mjukuu ulimwenguni. Programu za ITF za kukuza vipaji zilimshika mkono. Mnamo Julai 2022 Okutoyi akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la Grand Slam, aliposhinda Wimbledon kwa wasichana wawili wawili pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi.

Baada ya sifa hizo alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani. Machi 2024 alinyakua dhahabu ya Michezo ya Afrika jijini Accra. Masomo hayakumzima.

Njia ya chuo ina faida ambayo mzazi anaielewa upesi. Anayepata ufadhili wa michezo hupata kocha, viwanja na mechi, na likizo ikifika anaweza kujaribu mashindano ya kulipwa. Mkono ukiumia au msimu ukienda mrama, shahada inabaki.

Kwa familia inayoamua kumtuma binti moja kwa moja, yapo mambo ya kukubaliana mapema. Fedha zilizopo zitatosha wiki ngapi? Atasafiri na nani? Ni lini wataketi tena kupima mambo bila lawama? Mashindano ya karibu yapewe kipaumbele. Nairobi imewahi kuandaa ya W35, na anayelala kwao hupunguza gharama kubwa.

Na simu yake isisahaulike. Wacheza kamari huweka dau hata kwenye mechi hizi ndogo, na wakipoteza humtumia mchezaji matusi na vitisho. Wengine huja na hongo ili aachie seti. Binti aliyeishiwa nauli, anayeogopa kuwaambia wazazi, ndiye rahisi kunaswa. Anayekubali huweza kufungiwa maisha.

Kwa hivyo anapopiga simu usiku baada ya kushindwa, swali la kwanza lisiwe amepata pesa ngapi. Aulizwe kama amekula.