Kabla ya kumnyang'anya hedifoni, keti usikilize naye

Baba anafungua mlango wa chumba jioni na kukuta hedifoni alizomnunulia kijana wake miezi miwili iliyopita zimefunguliwa zote juu ya meza ya kusomea. Sponji ziko pembeni, skrubu zimewekwa ndani ya kifuniko cha chupa ya maji, na kijana wa kidato cha tatu anakata tishu kwa mkasi, kiduara kinachoweza kufunika mdomo wa kikombe cha kahawa. Neno la kwanza linalomtoka baba linajulikana katika kila nyumba: "Hela yangu hiyo!"

"Baba, sijaziharibu. Nazipunguza makali," kijana anajibu bila kuinua kichwa.

Nyumba nyingi mazungumzo yangeishia hapo. Hedifoni zingepanda juu ya kabati hadi mitihani iishe. Lakini mezani pale kuna mambo mawili, na ni moja tu linalostahili kumtia mzazi hofu. Si lile la bisibisi.

Hedifoni za aina hii zina mgongo wazi. Kwa nje, mahali ambapo nyingine zimefunikwa plastiki, hizi zina matundu au wavu, na hewa inapita. Spika ndogo iliyo ndani inatoa sauti mbele kwenda sikioni, na inatoa nyingine nyuma kwenda chumbani, ndiyo maana mdogo mtu aliyelala kitanda cha pili analalamika kwamba anasikia wimbo mzima. Za kwanza kuuzwa zilitoka kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani mwaka 1968, zikiitwa HD 414, zenye sponji za njano. Mwaka 1984 Koss ya Marekani ikatoa Porta Pro, hedifoni ndogo za kukunja ambazo zinatengenezwa mpaka leo kwa umbo lile lile. Wanaozipenda wanasema sauti yake inakaa kama iko mbele yako chumbani, wakati zile za kuziba huiweka katikati ya fuvu.

Zipo za bei nafuu, na hapo ndipo bisibisi inapoingia. Bei ikishuka, kiwanda kimebana mahali fulani. Superlux HD681 za Taiwan, ambazo ni nusu wazi, ni mfano unaotajwa sana: kwa bei yake zinasifiwa, ila sauti za juu zinachoma. Mwimbaji akitamka "sasa" au "shida", ile "s" inatoka kama mvuke wa sufuria ya presha. Tiba ya watu wengi ni hiyo tishu: tabaka moja mbele ya spika, chini ya sponji, na ukali unapungua. Wengine hubadilisha sponji kwa zile nene za kitambaa. Wengine huziba baadhi ya matundu ya ndani kwa gundi ya karatasi ili besi iongezeke au ipungue. Mashabiki wa hedifoni za Grado za Marekani walikuwa wakinunua zile sponji za njano za HD 414 na kuzitoboa katikati tundu la ukubwa wa sarafu ya senti 25, ili sauti za juu zirudi zilipozidi kufunikwa.

Mzazi asiyejua umeme anaweza kuweka sharti moja tu na likatosha: kijana afanye lile linaloweza kurudishwa. Tishu inatoka, gundi ya karatasi inabanduka, sponji ya zamani inarudi. Kutoboa plastiki hakurudi. Na asiguse kabisa utando wa spika, ule mwembamba kama ganda la kitunguu. Waya ukikatika, fundi redio wa mtaani atauunga kwa dakika kumi. Utando ukichanika, hakuna fundi.

Sasa, je, hiyo tishu inasaidia kweli, au kijana anajidanganya? Hapa ndipo baba akiketi atafaidi zaidi ya anavyotegemea, kwa sababu kuhukumu sauti ni kazi inayomdanganya hata mtu mzima.

Njia rahisi ipo. Kijana aweke tishu upande mmoja tu, wa kulia. Kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya huduma kwa wenye ulemavu, kuna uwezo wa kufanya masikio yote yapate sauti ileile, na chini yake kuna kitelezi cha kusogeza sauti kulia au kushoto. Baba avae, afumbe macho, kijana asogeze kitelezi bila kusema ni upande gani una tishu. Kisha hedifoni zigeuzwe, maana masikio ya mtu hayafanani, hasa ukishavuka miaka 40.

Wimbo wa kujaribia usiwe ule unaovuma wiki hii. Uwe unaofahamika nyumbani kiasi kwamba hata mama akipita mlangoni anaweza kuumalizia. Kwaya nzuri inafaa, kwa sababu sauti za kina mama zikizidi ukali zinajulikana mara moja. Taarabu ya zamani inafaa zaidi: nyuzi za ganuni na fidla ziko juu kabisa, besi iko chini, na sauti ya mtu iko katikati. Kipimo kikali kuliko vyote ni ujumbe wa sauti wa bibi kwenye WhatsApp. Simu huubana sana, lakini hakuna anayeijua sauti ile kuliko familia, na ikitoka puani kila mtu atasema.

Mara nyingi baba atachagua upande usio na tishu. "Huu umechangamka," atasema. Kijana atanyong'onyea. Lakini asikubali haraka, kwa sababu tishu, mbali na kupunguza makali, inapunguza kidogo na nguvu ya sauti. Sikio la binadamu likipewa sauti mbili zinazokaribiana, huipenda iliyo kubwa zaidi na kuiita nzuri, hata kama tofauti ni ndogo kiasi kwamba hakuna aliyetambua kuwa ni ukubwa. Wauza redio dukani wanaijua siri hii vizuri. Kwa hiyo kitelezi kisogezwe kidogo mpaka pande mbili zilingane, ndipo jaribio lirudiwe. Mara hii baba anaweza kubadili kauli, au asibadili. Lolote atakalosema, amesikiliza tishu na siyo ukubwa.

Mama akija kujaribu akiwa na kilemba au hijabu, atasema besi haipo, na atakuwa anasema kweli. Sponji isipokaa vizuri kichwani, besi inavuja. Azibonyeze kwa viganja, itarudi. Miwani na rasta nene hufanya vivyo hivyo. Kuna watu wamelaumu hedifoni nzuri kwa kosa la kitambaa.

Na kitu kimoja zaidi ambacho vijana hubishania sana: kwamba hedifoni mpya "huiva" zikipigwa saa nyingi. Sponji hulainika, hilo lipo. Lakini sehemu kubwa ya kuiva huko ni kichwa cha msikilizaji kuzoea. Akizipumzisha siku tatu na kuzirudia, ukali alioukuta siku ya kwanza ataukuta tena.

Jaribio lile la kitelezi ndilo linalofungua mlango wa jambo la pili, lile la hofu. Kijana ameshaona kwa sikio lake kwamba akili yake inaipenda sauti kubwa bila kumuuliza. Basi aulizwe: asubuhi kwenye daladala, anaweka sauti kiasi gani?

Hedifoni za mgongo wazi haziziibi kelele hata kidogo. Nyumbani usiku anasikiliza kwenye nusu ya sauti na anafurahia. Ndani ya basi lenye injini inayonguruma, redio ya dereva na konda anayegonga bodi, wimbo uleule haumfikii, anaongeza, anaongeza tena, mpaka mwisho. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa saa hizohizo. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda salama unakatwa nusu. Ikifika desibeli 90, mtu mzima amebakiwa na saa 4 tu katika wiki nzima. Kijana anayekaa barabarani saa moja kwenda na saa moja kurudi, siku tano, ametumia saa 10.

Madhara yake hayaumi, na hapo ndipo ugumu ulipo. Vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikifa haviotei tena. Kwanza huja mlio wa "ngiii" usiku taa zikizimwa, kisha "eti?" nyingi mezani, kisha runinga inayoongezwa sauti. Mwalimu akiongea kwa upole nyuma ya darasa, mtoto anaandika kitu kingine, na mzazi anadhani ni uzembe. Dalili hizi zikionekana, apelekwe hospitali akapimwe masikio, na asisubiri likizo.

Kwa hiyo makubaliano ya nyumba hii yanaweza kuwa mafupi. Hedifoni za mgongo wazi hazitoki nje ya geti. Simu iwekewe kikomo cha sauti kwenye mipangilio, na simu nyingi siku hizi zinacho. Kwa upande huu uwazi wa hedifoni unamsaidia mzazi, kwani hahitaji kifaa cha kupimia: akisimama mlangoni na kuweza kufuata maneno ya wimbo, sauti imezidi, anagonga. Na hata barabarani kwa miguu zisivaliwe kwa kisingizio kwamba "nasikia bodaboda". Akiongeza sauti, haisikii.

Kijana naye ana haki ya kudai kitu. Anaweza kudai kwamba meza yake iachwe, tishu zisitupwe, na baba arudi kesho kusikiliza tabaka mbili, kwa sababu moja bado inachoma kidogo kwenye fidla. Baba amekwisha ukaa kitandani kwa mtoto nusu saa, na chai yake imepoa sebuleni. Anauliza skrubu ya nne iko wapi. Kijana anapiga magoti kuitafuta chini ya meza.