Tuwasikilize Walivyosema Kabla ya Kushindwa

Aliyeshindwa vita hunyang'anywa silaha, mji na hata bendera. Ulimi anabaki nao. Ndivyo ilivyokuwa Marekani baada ya Aprili 1865, pale Jenerali Robert E. Lee wa jeshi la Kusini alipoweka silaha chini huko Appomattox, Virginia. Miaka minne ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na majimbo ya Kusini yaliyojitenga ilikuwa imeua watu wasiopungua laki sita, na watumwa karibu milioni nne walikuwa wanatoka utumwani. Haukupita muda, wakubwa wa Kusini wakaanza kusema kwamba hawakupigania utumwa hata kidogo. Walipigania, eti, haki ya kila jimbo kujiamulia mambo yake. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya hawa imekwenda zaidi ya miaka 150 na bado ina wasafiri.

Nawasihi wasomaji wasibishane na wasafiri hao kwa hasira. Wawapeleke kwenye maneno ya wenye vita wenyewe, yaliyosemwa walipokuwa bado na tamaa ya kushinda.

Jimbo la South Carolina ndilo la kwanza kujitenga na Muungano wa Marekani, Desemba 20, 1860, wiki chache baada ya Abraham Lincoln kuchaguliwa rais. Siku nne baadaye ikatoa hati ya sababu zake. Hati inaanza kwa maneno marefu ya katiba na uhuru wa majimbo, kisha inafika kwenye malalamiko yenyewe, na yote ni utumwa: majimbo ya Kaskazini hayawarudishi watumwa watoro, New York inawazuia mabwana kupita na watumwa wao, vyama vya kupinga utumwa vinaachwa vifanye kazi. Msomaji atazame vizuri hapo. Jimbo linalodai haki ya kujiamulia linawashtaki wenzake kwa kosa la kujiamulia!

Mississippi haikuzunguka hata kidogo. Januari 1861 ilitangaza kwamba msimamo wake na utumwa ni kitu kimoja, ikaongeza kwamba ni watu weusi tu wanaoweza kulistahimili jua la mashamba yale. Machi 21 mwaka huo huo, mjini Savannah, Alexander Stephens, makamu wa rais wa serikali mpya ya Kusini, aliwaambia wasikilizaji wake kwamba msingi wa serikali hiyo ni imani kuwa mtu mweusi si sawa na mweupe, na kwamba utumwa ndiyo hali yake ya asili. Katiba yao ikalikataza bunge lao lisitunge sheria yoyote ya kuidhoofisha haki ya kumiliki watumwa. Vita vilipokwisha, Stephens huyo huyo aliandika kitabu kinene cha kueleza kwamba ugomvi ulikuwa juu ya tafsiri ya katiba. Mimi namwamini yule wa Savannah, maana siku ile hakuwa na aibu ya kuificha.

Wako watakaosema: askari wengi wa Kusini walikuwa maskini wasiomiliki mtumwa hata mmoja. Ni kweli. Lakini sababu ya vita huulizwa kwa waliovitangaza, siyo kwa aliyeandikishwa kwa lazima, na Kusini ilianza kuandikisha watu kwa lazima mwaka 1862. Miezi michache baadaye ikapitisha sheria ya kumsamehe jeshi mzungu mmoja katika kila shamba lenye watumwa ishirini au zaidi. Maskini wa wakati ule walielewa maana yake, wakanung'unika wazi kwamba ni vita vya tajiri na mapigano ya maskini.

Tusiitakase Kaskazini pia. Lincoln alianza vita akisema anaulinda Muungano tu, na kwa muda mrefu hakutaka kuugusa utumwa wa majimbo yaliyobaki upande wake. Viwanda vya nguo vya Massachusetts vilinona kwa pamba ya watumwa. Hata nguo ya merikani iliyovaliwa pwani yetu na kubebwa na wapagazi hadi bara kununulia pembe za ndovu ilitoka kwenye viwanda kama hivyo. Vita vilipoikata pamba, wafanyabiashara wa Unguja waliona upungufu wake dukani. Mikono michafu ilikuwa mingi, na mingine ilikuwa mbali sana na Mississippi.

Ni nani basi aliyevigeuza vita hivi kuwa vita vya uhuru? Mei 1861, wanaume watatu, Frank Baker, James Townsend na Shepard Mallory, waliokuwa wakitumikishwa kulijengea jeshi la Kusini boma la mizinga, walivuka maji usiku hadi Fort Monroe, Virginia, ngome iliyokuwa bado mikononi mwa serikali ya Lincoln. Mjumbe wa bwana wao akaja kuwadai, akiitaja sheria ya 1850 ya kurudisha watoro. Mkuu wa ngome, Jenerali Benjamin Butler, alikuwa wakili kabla ya kuvaa magwanda. Akamjibu kwamba Virginia imejitangaza nchi ya kigeni, hivyo haina tena haki ya kudai sheria za Marekani. Na ikiwa watu hawa ni mali inayotumiwa kumpiga yeye vita, anaitwaa kama mali ya adui. Hoja hiyo haikuwa na utu, maana iliendelea kuwaita watu mali. Hata hivyo mlango ulifunguka, na maelfu wakapita, wake kwa waume, na watoto mgongoni. Butler hakuwa amewaita, wala Lincoln. Walijileta, na kwa kujileta wakailazimisha serikali kuchagua.

Lincoln alitoa tangazo la uhuru wa watumwa Januari 1, 1863, na hadi vita vinakwisha weusi wapatao 180,000 walikuwa wameingia jeshi la Kaskazini. Askari mweupe alilipwa dola 13 kwa mwezi. Mweusi 10, na 3 kati yake zikakatwa kwa ajili ya mavazi. Kikosi cha 54 cha Massachusetts kilikataa kupokea mshahara wa namna hiyo, kikapigana bila kulipwa mpaka bunge liliposawazisha mwaka 1864.

Watu hawa ndio walioondolewa kwenye kumbukumbu. Mwaka 1913 wazee zaidi ya 50,000 waliopigana pande zote mbili walikutana kwenye uwanja wa mapigano wa Gettysburg wakashikana mikono, na Rais Woodrow Wilson akawahutubia kwamba ugomvi umesahauliwa. Wakati huo huo, kote Kusini, weusi walikuwa wamenyang'anywa kura na kutengwa kwa sheria. Weupe walipatana na weupe, na gharama ya suluhu ikalipwa na asiyealikwa.

Nao wanawake wa chama cha Mabinti wa Kusini, kilichoundwa mwaka 1894, walichukua kazi ya kukagua vitabu vya shule. Mwanahistoria wao, Mildred Rutherford, alitoa mwongozo ulioagiza kikataliwe kitabu chochote kinachosema Kusini ilipigana ili ibaki na watumwa. Sanamu zilikwenda sambamba na vitabu. Ile ya Lee mjini Richmond ilisimamishwa 1890, ya Charlottesville 1924, zote mbili Lee akiwa kaburini tangu 1870. Alipokuwa hai, mwaka 1869, alikataa kushiriki mpango wa kuweka alama za kumbukumbu Gettysburg, akisema ni busara zaidi kutoviacha wazi vidonda vya vita. Kwa hiyo anayelia kwamba kuziondoa mwaka 2021 kulifuta historia, anailaumu Virginia kwa kufanya jambo ambalo Lee mwenyewe asingelipinga sana.

Ubishi haujaisha. Jimbo la Texas lilingoja hadi 2018 ndipo likakubali kuuweka utumwa katikati ya somo la vita hivi. Kabla ya hapo mtaala uliutanguliza mvutano wa kanda na haki za majimbo. Wazazi wanaozungumza Kiswahili walioko Houston na Dallas wasilione hili kuwa la wenyeji peke yao, kwa kuwa watoto wao wamo madarasani humo humo. Mtoto akirudi na swali la chanzo cha vita, msimwachie kitabu kimjibu peke yake. Itafuteni hati ya Mississippi ya Januari 1861. Ni fupi, wala haihitaji mfasiri wa sheria. Ketini naye mezani muisome yote, tangu mstari wa kwanza.