Mgeni Mnayemwombea Fungu Yuko Kibokoni

Juzi nilikuwa ndani ya matatu, tumekwama Buxton kama ilivyo ada ya watu wa kisiwa hiki, na redio ya dereva ikimhoji msomi wa chuo kimoja cha hapa Pwani. Aliulizwa kwa nini wanafunzi wake hawasikii sauti nyingine ila za walimu wao wale wale. Akashusha pumzi, pumzi ile ya mtu aliyedhulumiwa na serikali, akasema wanangoja fungu. Ombi la kugharimia wahadhiri wageni limeandikwa, limepita idara, limepita kitivo, sasa limelala huko juu. Kisha, ili tujue kwamba naye ni mtu wa hapa, akafungia na methali: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nilishuka kabla ya kituo changu. Miguu ilikuwa na kasi kuliko gari, na masikio yalikuwa yametosheka.

Imani hii nimeisikia kwa wakuu wa idara, kwa viongozi wa vyama vya wanafunzi, hata kwa vijana wa mwaka wa kwanza ambao bado wanaulizia maktaba iko wapi. Kwamba mhadhiri mgeni ni mtu anayeshuka kwenye ndege. Na kwa kuwa ndege ni ghali, basi hakuna fungu, hakuna mgeni. Watu wazima, wenye shahada za uzamifu, wanaikariri bila haya, na hakuna hata mmoja anayeuliza swali ambalo mtoto wa madrasa angeuliza: kwani mgeni lazima atoke wapi?

Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor. Panda tuktuk pale langoni, pita Buxton, pita Bondeni, na kabla hujamaliza kugombana na dereva juu ya nauli umefika Mji wa Kale. Hata akikunyonya, si nauli ya kuombewa fungu. Huko Kibokoni, Mkanyageni, Ndia Kuu na Mlango wa Papa wanakaa watu ambao Ulaya nzima imekuwa ikiwafungia safari. Wamekaa barazani baada ya alasiri, kikombe cha kahawa chungu mkononi, wanabishana juu ya mambo ambayo kitivo kizima hakijawahi kuyagusa. Mgeni wenu huyo hapo. Mnamwombea fungu la nini?

Na mahali penyewe pale Tudor pana historia ya kuwasuta. Kabla ya kuwa chuo kikuu 2013, kabla ya kuwa Politekniki 1972, hapo palikuwa MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu iliyosimama kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na serikali ya kikoloni, ikaanza kusomesha 1951. Mmoja wa makarani wake alikuwa kijana wa Kimazrui ambaye matokeo yake ya shule yalikuwa hafifu hata Makerere ikamkataa. Kijana yule akahutubia hadhara ya Maulidi, na kati ya waliomsikiliza alikuwamo Gavana Philip Mitchell. Gavana akavutiwa, njia ya kwenda Uingereza kusoma ikafunguka, na yaliyobaki kila mtu anayajua: Manchester, Columbia, Oxford, kisha uprofesa Makerere kule kule alikokataliwa, mihadhara ya Reith ya BBC 1979, na uchansela wa chuo kikuu cha JKUAT 2003. Alipofariki Marekani 2014, Profesa Ali Mazrui alirudishwa kuzikwa kwao Mombasa, karibu na Fort Jesus. Nami nakuomba uangalie vizuri nani alikuwa nani siku ile ya Maulidi. Mgeni, mwenye gari na walinzi, alikuwa ameketi anasikiliza. Aliyezungumza alikuwa karani wa mtaani, na sijasikia kwamba kuna kamati iliyokaa kupitisha bajeti yake.

Lakini leo lazima pawe na fomu. Niliwahi kukalishwa kwenye kamati ya kuijaza fomu hiyo, katika chuo ambacho sitakitaja kwa sababu bado kuna watu mle ninaosalimiana nao. Ilikuwa na mstari wa tiketi ya ndege. Mstari wa hoteli, na hapo tulibishana sana kama mgeni atakaa Nyali au Bamburi, maana kisiwani, tuliambiwa, hakuna utulivu. Mstari wa gari la kumpokea uwanja wa ndege wa Moi. Bango la ukutani, na bango jingine la kusimama mlangoni, yote mawili na picha za wakubwa wa chuo kubwa kuliko ya mgeni mwenyewe. Maji ya chupa. Chai na vitafunio. Fulana. Mpiga picha. Posho ya kamati, yaani sisi, kwa kazi nzito ya kujaza fomu. Mada ya mhadhara ilipewa mstari mmoja, tena mwembamba, na tuliuacha wazi mpaka siku ya mwisho kwa sababu hakuna aliyekuwa amemuuliza mgeni atazungumza nini.

Alikuja, alhamdulillahi. Akazungumza juu ya Waswahili na bahari. Mtu mpole, sina ubaya naye, na tai yake ilikuwa nzuri. Akatuonyesha ukutani picha ya jahazi, tanga lake la kitambaa limefura upepo, akatwambia huo ndio mtepe. Nyuma kulikuwa na kijana wa Kibokoni, babu yake alikuwa nahodha, akanyanyua mkono. Mtepe, kwa wasiojua, ulikuwa chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi, hauna msumari hata mmoja, na tanga lake lilikuwa mkeka wa mraba. Kijana alilijua hilo tangu hajaota meno ya pili. Mwenyekiti akamtazama, akatazama saa, akasema maswali hayatachukuliwa kwa kuwa chakula kimeshafika. Tukala. Bajeti yote ile, na mtu pekee aliyekuwa na la kusema juu ya mtepe alinyamazishwa na sambusa.

Wenzetu wa nje wala hawana uchuro huu. Sheikh Yahya Ali Omar, mtu wa Mombasa, alifundisha katika chuo cha SOAS, London. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa hapa 1946, aliyefungwa 1969 kwa kijikaratasi cha kuuliza Kenya inakwenda wapi, alifundisha Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani, tangu 1995 hadi 2011. Sheikh Ahmed Nabhany, mtu wa Lamu aliyemalizia umri wake hapa Mombasa, aliyetupa neno runinga na mengine tele, alitafutwa na wataalamu wa mabara yote. London ililipa. Leipzig ililipa. Sisi tunaandika ombi la fungu ili mtu atoke Leipzig aje kutueleza alichojifunza kwa jirani zetu.

Mnadhani natia chumvi? Kai Kresse, mwanafalsafa wa Kijerumani, alikuja Mji wa Kale, akajifunza Kiswahili, akaketi barazani na wazee, akasikiliza. Mwaka 2007 akatoa kitabu kizima juu ya falsafa ya Mombasa, na ndani yake wamo Nabhany, Ahmad Nassir na Sheikh Abdilahi Nassir, kila mmoja kama mwanafikra wa kupimwa kwa uzito wake. Kitabu kizuri. Nakisifu na mwandishi wake namsifu zaidi, kwa sababu alifanya kitu ambacho hakihitaji fungu: alikwenda. Sasa wanafunzi wetu wananukuu ukurasa fulani wa kitabu hicho kilichochapwa Edinburgh kueleza aliyoyasema mzee ambaye wangeweza kumpigia hodi. Nabhany alifariki 2017. Kumwalika sasa mtahitaji fungu la aina nyingine kabisa.

Najua jibu lao, maana nimelisikia mara nyingi hata naweza kulisema usingizini. Wazee hawana PhD. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilishaweka vigezo 2014, mhadhiri awe na uzamifu, na sisi ni nani hata tukaleta mtu wa baraza ukumbini? Hadhi ya chuo itashuka. Masikini hadhi ya chuo! Nimetembea vyuo ambavyo maji yamekatika vyooni wiki nzima na hadhi ikabaki imesimama wima, lakini mzee akivuka mlango na kikofia chake cha kazi ya mkono, hadhi inazimia. Muyaka bin Haji, aliyefariki mnamo 1840, hakuwa na PhD. Ningependa tuhesabu ni watu wangapi wamepata zao kwa mgongo wa mashairi yake. Na tena, nani amesema mzee aajiriwe? Ni saa mbili za Jumatano alasiri! Mwingine akanambia, bila kucheka, kwamba tatizo ni kuwa wazee hawana slaidi.

Wala sizungumzii mashairi na dini peke yake, maana najua watu wa uhandisi wameshaanza kufunika masikio. Idara ya ujenzi inatafuta mgeni wa kueleza jinsi nyumba inavyostahimili chumvi ya bahari. Nenda Ndia Kuu utazame kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti za mikoko, zimesimama tangu kabla ya simenti kujua njia ya Mombasa. Kisha umtafute fundi anayejua chokaa ile inachomwa vipi na inalazwa muda gani kabla ya kutumiwa. Mafundi wa namna hiyo wanazidi kupungua, na kila akizikwa mmoja tunapoteza maabara nzima. Kitivo cha biashara kinataka mgeni wa kuzungumza juu ya alama ya bidhaa. Biashara Street hapo, duka la Kaderdina, kazi iliyoanza 1887, na leso zenye maandishi ya Mali ya Abdulla zinazotambuliwa na mwanamke yeyote kutoka Lamu hadi Vanga bila kufundishwa. Ni mhadhara gani wa kutoka ng'ambo utakaokupa hilo?

Pwani hii ilikuwa ikialika wageni kabla ya neno bajeti kuingia midomoni mwetu. Maulidi ya Lamu, kila Mfungo Sita, yanajaza watu Msikiti wa Riyadha kutoka pwani nzima, na huyo Habib Swaleh aliyeuasisi alikuwa mwenyewe mtu wa asili ya Ngazija. Darsa za Ramadhani hapa kisiwani zinapokea masheikh wa kila upande. Wanalala majumbani mwa watu, wanafuturu kwa zamu, na msikitini watu wanaketi chini mpaka nje barazani. Sheikh Al-Amin Mazrui, baba yake Profesa, aliandika na kusomesha mji huu, akatoa gazeti la Al-Islah 1932, na sina habari ya fomu aliyoijaza.

Na hapo msikitini hakuna mtu anayesimama kusema itifaki imezingatiwa. Hili nalo linanikera mno hata siwezi kulipita. Mhadhara wa chuo siku hizi huanza na mshereheshaji anayemtambua kila aliyevaa koti. Anamtambua naibu, kisha anamtambua mwakilishi wa naibu mwingine aliyeshindwa kufika, kisha msajili, kisha mfadhili wa maji ya chupa. Kila aliyetambuliwa anasimama aseme machache, na machache ya Mkenya mwenye maikrofoni mnayajua. Mgeni aliyevuka bahari anabakishiwa dakika ishirini. Tungeweza kuokoa nusu ya fungu kwa kumnyang'anya mshereheshaji maikrofoni.

Tena, fungu lenyewe linatoka wapi? Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma siku 49 wakidai shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ambayo serikali yenyewe ilitia saini. Wahadhiri wa muda wanafundisha muhula mpaka muhula, na malipo yao ni hadithi za Alfu Lela U Lela. Sasa katika nyumba ambayo mwenyeji hajala, mnataka nilie pamoja nanyi kwa kuwa hamkupata pesa za kumlaza mgeni Nyali?

Nilipomweleza haya mzee mmoja wa Mkanyageni, mtu ambaye nisingesita kumkalisha mbele ya jopo la maprofesa, alicheka mpaka akakohoa. Nikamuuliza kwa nini hajawahi kwenda hapo Tudor kuzungumza na vijana. "Mwanangu," akanambia, "nende kwa nani? Kwani wanijua?"

Kwa hivyo wakuu wa idara, tukutane kwenye jambo moja la vitendo, na hapa nageuka niwaudhi hata wale waliokuwa wakinipigia makofi tangu mwanzo. Kuna wanaosikia neno mzee wakadhani nimesema bure. Wataenda kumchukua na tuktuk, wamkamue saa mbili, kisha wampe leso ya mkewe, cheti kilichopigwa laminesheni na dua ya maisha marefu. Wataita hiyo heshima. Mgeni wa ndege analipwa posho ya kila usiku hata usiku anaolala tu. Basi chukueni bei ya usiku mmoja wa ile hoteli tuliyobishania, mumlipe mzee wa Mkanyageni kiasi hicho hicho, kwa M-Pesa, siku hiyo hiyo, kabla hajashuka ngazi za ukumbi. Na mhasibu akisema hawezi kumlipa mtu asiye na barua pepe ya chuo, mfungulieni mzee barua pepe.