Thamani ya Kirikuu Haimo Katika Namba

Kila alfajiri, kabla jua halijachomoza juu ya mabanda ya Mchikichini, magari madogo ya mizigo huwa yamekwisha jipanga kandokando ya barabara yakingoja marobota ya mitumba. Wananchi huyaita kirikuu, yawe Carry ya Suzuki au Hijet ya Daihatsu. Kwa mchuuzi wa Kariakoo gari hilo ni chombo cha kazi, kama jembe lilivyo kwa mkulima.

Inasikitisha, basi, kuona jinsi chombo muhimu kama hicho kinavyouzwa na kununuliwa kwa kubahatisha. Gari linapotoka mkono wa kwanza kwenda wa pili, swali linalotangulia ni moja tu: “Namba gani?” Lenye namba ya E hutajiwa bei ya juu, la D hushuka, na la C hubezwa hata kabla boneti haijafunuliwa.

Lazima ieleweke wazi kwamba herufi hiyo hueleza wakati gari liliposajiliwa nchini, wala haielezi mwaka lilipoundwa. Gari lililotumika Japani kwa miaka 15 likisajiliwa leo hupewa namba mpya. Wapo wanaosema kwamba namba huonyesha muda ambao gari limeteseka katika barabara za hapa. Hoja hiyo ina ukweli kiasi, lakini mateso ya gari la mizigo hupimwa kwa uzito wa shehena kuliko kwa kalenda.

Tangu mwaka 1990 sheria za Japani zimeweka injini ya magari ya daraja hili isizidi sentimita za ujazo 660. Tangu 1998 urefu wake hauzidi meta 3.40, na upana meta 1.48. Ndiyo maana hupenya vichochoro vya Kariakoo na kutumia mafuta kidogo. Lakini sheria hizo hizo zimeweka mzigo wake usizidi kilo 350. Hiyo ni mifuko 7 ya saruji, au marobota 7 ya mitumba ya kilo 45; robota la nane limekwisha vuka mpaka. Magunia matatu ya kilo 100 yangefaa, lakini yakiwa ya lumbesa hakuna ajuaye gari limebeba nini hasa.

Gari likizidishiwa mzigo kila siku, springi hulala, klachi huungua, na injini iliyo chini ya kiti huchemka. Kisha hupigwa rangi, hupelekwa kwa dalali, na namba yake ikatumika kama cheti cha afya.

Je, ni nani anayezidisha mzigo? Mara nyingi ni dereva, lakini yafaa kuuliza sababu. Kila jioni hana budi kumpelekea tajiri hesabu yake, biashara iwe imekwenda au haikwenda. Tripu mbili za halali zisipotosha, atabandika robota la tisa na la kumi. Uchungu zaidi umo katika gari la mkataba, ambapo dereva hulipa hesabu mpaka gari liwe lake. Kijana huyo hulivunja gari lile lile analolinunua kwa jasho lake. Siku anapokabidhiwa kadi, tajiri amekwisha rudisha fedha na faida juu yake, naye dereva amerithi chuma chakavu. Huo ni unyonyaji, hata kama umetiwa sahihi na pande zote mbili.

Zamani mambo yalikuwa mengine. Tangu mwaka 1974 uagizaji wa magari ulikuwa mikononi mwa State Motor Corporation, na mwananchi alingoja kibali. Tangu 1984 wenye fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa kutoka nje, na mlango ukazidi kufunguka. Uhuru wa kuchagua umekuja, lakini ujuzi wa kuchagua haukuletwa melini pamoja na magari.

Mnunuzi hana budi kusoma mwaka wa kuundwa gari katika kadi, kulinganisha namba ya chasisi na ile iliyogongwa kwenye chuma, na kumleta fundi asiyelipwa na muuzaji. Baada ya kulipa, abadilishe jina la mmiliki katika Mamlaka ya Mapato bila kungoja, maana karatasi ya mauziano peke yake haimfanyi kuwa mmiliki katika kumbukumbu za serikali.

Mikataba ya madereva nayo iandikwe, itaje kikomo cha mzigo na nani atagharimia injini ikifa. Viongozi wa masoko waweke mizani mahali pa kupakilia, na vita dhidi ya lumbesa viendelezwe hadi sokoni, visiishie shambani.

Kirikuu kinachotunzwa humlisha dereva leo na humrudishia mtaji kesho. Kinachobebeshwa kupita kiasi humla yeye mwenyewe, hata kama kibao chake kinang’aa.